Mchagua Jembe si Mkulima

Siku hizi mtu akilalamika kwamba laptopu yake inachelewa kubana video, kazi ambayo wapiga video wetu huiita kurenda, jibu analopewa ni moja tu: nunua mpya. Muuza duka akilisema simshangai, maana ndiyo riziki yake. Ninaowashangaa ni mafundi na marafiki wanaolirudia bila kufikiri, ilhali mkopo hawatausaidia kuulipa.

Jibu hilo nalipinga. Mara nyingi laptopu haina kosa.

Tuutazame kwanza mzigo wenyewe. Video ya saa moja inayokwenda kwa picha 25 kila sekunde ina picha 90,000. Katika mtindo wa ubanaji uitwao H.264, uliopitishwa mwaka 2003 na unaotumika mpaka leo, picha ya nukta 1920 kwa 1080 hugawanywa vipande zaidi ya 8,000. Programu hutafuta kila kipande kimesogea wapi kutoka picha moja hadi nyingine, ili isiandike mara mbili kitu kile kile. Inapotafuta kwa makini zaidi, faili huwa dogo lakini saa nyingi hupita. Je, anayeamua itafute kwa makini kiasi gani ni nani? Ni wewe uliyeketi mbele yake.

Programu mashuhuri ya x264 ina ngazi kumi za mwendo. Ile ya mwisho, iliyo ya polepole kuliko zote, waundaji wake waliipa jina la plasebo, yaani dawa bandia. Wenyewe wanakuambia haiponyi kitu! Hata hivyo wapo wanaong'ang'ania ngazi za mwisho kwa kudhani kwamba polepole ndio ubora, kisha wanailaani mashine. Rudi nyuma ngazi tatu uone.

Tena, tangu mwaka 2011 Intel imekuwa ikiweka ndani ya prosesa zake nyingi sehemu maalumu ya kubana video, iitwayo Quick Sync. HandBrake, programu ya bure, inaweza kuitumia. Ni wangapi wameinunua sehemu hiyo pamoja na laptopu zao na hawajawahi kuiamsha?

Najua nitajibiwa kwamba njia hiyo ya haraka hutoa faili kubwa zaidi kwa ubora ule ule. Ni kweli, sibishi. Anayehifadhi ngoma za wazee wake kwa ajili ya wajukuu na aende polepole, ana haki. Lakini harusi itakayotazamwa kwenye simu inahitaji hayo? Video ya 4K ina nukta mara nne ya ile ya 1920 kwa 1080. Kwa nini umbebeshe punda magunia manne, na mteja ameagiza moja? Na kama unachotaka ni kukata mwanzo na mwisho tu, zipo programu zinazokata bila kubana upya hata picha moja, na kazi huisha kwa dakika chache.

Halafu kuna joto. Laptopu iliyowekwa juu ya godoro, feni yake imejaa vumbi, hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Ipandishe mezani, isafishe, ichomeke kwenye umeme. Hayo nayo yanahitaji mkopo?

Nasema haya kwa sababu wanaoumia ni wanyonge. Kijana wa kupiga video mtaani akikopa kwa ajili ya laptopu ya pili, na uwezo wa ile ya kwanza haujaguswa hata nusu, harusi zake za miezi kadhaa atampigia mkopeshaji. Ipo siku mashine itachoka kweli, na siku hiyo anunue nyingine kwa amani. Lakini kabla hajaingia dukani, aingie kwanza kwenye mipangilio ya programu yake.