Filamu ya Mapanki Ina Mtunzi

Wapo wasomi wenzangu wanaoshikilia kwamba mwongozaji wa filamu za uhalisia wa kijamii hastahili kuitwa mtunzi. Wanasema mtunzi hubuni, ilhali huyu huchukua maisha ya wavuvi, makuli na wachuuzi akayaweka mbele yetu kama alivyoyakuta. Kwao, yeye ni shahidi tu. Nakataa. Na kwa sisi tunaoishi Mwanza, mjadala huu si wa kupitisha muda darasani, maana ulikwisha kutugusa.

Mwaka 2004 Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, alitoa Darwin's Nightmare, ambayo huku kwetu ilijulikana zaidi kama filamu ya mapanki. Ilionesha minofu ya sangara ikisafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya huku wenyeji wakibaki na mapanki, na ikadokeza kwamba ndege hizo huja na silaha. Mwaka 2006 iliwania Tuzo ya Oscar, na mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete akailaani hadharani. Wako waliosema filamu ile ni uongo mtupu. Wako waliosema ndiyo ukweli wenyewe. Wote waliihukumu kama ripoti ya ukaguzi, na wachache mno waliuliza imetungwaje.

Itazame tena, msomaji wangu. Swali moja linarudiwa kwa watu mbalimbali: ndege hizi zinaleta nini? Karibu na mwisho rubani mmoja anakiri kuwahi kusafirisha vifaru, lakini safari anayoisimulia ni ya Angola. Kwa kuwa swali limekuzwa tangu mwanzo katika uwanja wa ndege wa Mwanza, jibu la Angola linalifunga swali la Mwanza. Uzito huo haukutoka kinywani mwa rubani. Umetoka katika mpangilio wa picha, na mpangilio una mwenyewe.

Linganisha na Flora M'mbugu-Schelling, Mtanzania, aliyetengeneza These Hands mwaka 1992 kuhusu wanawake wanaoponda kokoto Kunduchi, Dar es Salaam. Kwa takriban dakika 45 hakuna msimulizi; kamera inatulia, nyundo zinagonga, hadi mtazamaji anaanza kuuhisi uchovu wa mikono ile. Ufukara ni uleule, lakini namna tunavyowaona wanaouishi ni tofauti kabisa. Kama waongozaji hawa wawili ni vioo tu, tofauti hiyo imetoka wapi?

Nitajibiwa kwamba nadharia ya mwongozaji kama mtunzi ilizaliwa Ufaransa, miongoni mwa watu waliotukuza mtindo. Naam, François Truffaut aliipigania mwaka 1954 katika jarida la Cahiers du cinéma. Lakini jarida hilohilo lilimheshimu mno Roberto Rossellini, aliyeipiga picha Roma ikiwa ndiyo kwanza inatoka vitani. Waasisi wenyewe hawakuona ugomvi kati ya uhalisia na utunzi. Ugomvi huo tumeuzua sisi.

Tena, cheo cha mtunzi kina deni lake. Shahidi akibanwa hujitetea kwamba mambo aliyakuta hivyo. Mtunzi hana kichaka hicho cha kujificha. Lazima aeleze kwa nini alimchagua mlinzi wa usiku mwenye mishale ya sumu akamwacha mama anayesomesha wanawe kwa biashara ya samaki pale Kirumba. Lazima aseme alikata wapi, na waliopigwa picha walielewa nini kuhusu kazi ile. Wanaomvua Sauper cheo hicho wanamwondolea pia maswali haya, na wanaobaki wakijieleza mbele ya dunia ni watu wa Mwanza.

Serikali nayo ilikosea njia. Hotuba hukanusha taarifa. Utunzi hujibiwa kwa utunzi. Tangu 2006, ni fedha kiasi gani ya umma imewekwa mikononi mwa waongozaji wa kanda hii ili waisimulie mialo yao wenyewe? Swali hilo lina uzito kuliko lawama zote tulizomtupia mgeni.

Kwa hiyo, kijana wa Buswelu anayeshika kamera leo asidanganywe kwamba kazi yake ni kuonesha tu. Aambiwe mapema kwamba anatunga, na kwamba aliowapiga picha wana haki ya kumdai maelezo.