Mambo ya Mitaa ya Mashariki: Mavyaa wa Kihindi Katika Nyumba ya Jericho

Jioni ifikapo saa moja katika mitaa ya Mashariki ya Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Jericho na Maringo, na hata kule mbele Umoja na Kayole, mtu apitaye njiani husikia ngoma ya namna moja ikilia katika nyumba nyingi. Si ngoma ya harusi wala ya kanisa. Ni ngoma ya michezo ya Kihindi ya televisheni, ile ipigwayo kila mtu apatapo habari ya kumshtua. Nayo ikipigwa, uso wa mwenye kushtuka huonyeshwa mara tatu, kisha nyuso za jamaa wote waliosimama pale, mmoja mmoja, hata mtumishi aliyeshika sinia.

Katika nyumba moja ya Ofafa Jericho yupo bibi mmoja aliyepita umri wa miaka sabini, ambaye saa hiyo haifai kumwuliza neno lo lote. Huketi katika kiti chake karibu na dirisha, miwani puani. Mkaza mwana wake huketi upande wa pili akimenya viazi, mjukuu wake huinamia simu, na msichana wa kazi husimama mlangoni kwa kuwa jikoni kuna kazi. Bibi huyo huipenda michezo hiyo na kuichukia kwa moyo ule ule. Majirani wamemzoea, husema kwamba sifa na lawama hutoka katika kinywa chake kabla ya chai kupoa.

Sifa yake ya kwanza ni adabu. Katika michezo hiyo kijana huinama akagusa miguu ya wazee wake kabla ya kwenda kazini, na mke hutia unga mwekundu katika mgawanyo wa nywele zake ili watu wajue kwamba ana mume. Mume na mke wakitaka kukumbatiana, mvua hunyesha, upepo huvuma, na picha hugeukia maua. Mtu aweza kutazama pamoja na wanawe na wakwe zake bila kukohoa wala kutafuta haraka kidude cha kubadilishia stesheni. Bibi huyo asema kwamba michezo ya nchi nyingine haimpi raha hiyo.

Sifa ya pili ni ile nyumba kubwa. Babu, wana, wake zao na wajukuu hukaa chini ya dari moja, hula meza moja, hugombana ngazi moja. Jambo hilo lina uzito wake kwa mkaaji wa Mashariki, maana nyumba nyingi za zamani katika mitaa hiyo hazikujengwa kwa ajili ya jamaa. Serikali ya kikoloni, shirika la reli na baraza la mji walijenga kwa muda mrefu vyumba vya wafanya kazi wanaume, ambao wake zao na mama zao walitazamiwa kubaki mashambani. Hata mitaa iliyojengwa baadaye kwa ajili ya watu wenye wake na watoto haikuwa na vyumba vingi. Kwa sababu hiyo mavyaa, yaani mama wa mume, na mkaza mwana wake walikutana wakati wa mavuno na wakati wa Krismasi, wakaachana wakiwa wangali wanapendana. Leo bibi huyo akaa na mwanawe na mke wa mwanawe katika vyumba viwili vilivyotengwa kwa pazia. Lile jumba la kwenye televisheni lina vyumba ishirini, lakini ugomvi wake ni wa vyumba viwili, nao waujua vema wote wawili.

Na kwa kweli ugomvi huo ndio mhimili wa michezo hiyo. Mmoja uliopata sifa kuliko mingi ulioneshwa huko Uhindi tangu mwaka 2000 hadi 2008, ukapita sehemu 1,800. Jina lake, Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi, maana yake ni kwamba mavyaa naye zamani alikuwa mkaza mwana. Wachina nao wanayo hadithi kama hiyo: mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilionyesha mchezo wa kijana mwanamke wa Beijing, Mao Doudou, na mama wakwe zake, uliotiwa sauti za Kiswahili. Watu waliupenda sana, hata Rais wa Uchina, Xi Jinping, alipozuru Dar es Salaam mwezi wa Machi mwaka 2013, aliutaja katika hotuba yake. Mkaza mwana wa Jericho alipopata habari hiyo alisema kwa sauti ya chini kwamba kumbe mavyaa ni wale wale dunia nzima. Bibi alisikia. Aliuliza kama viazi vimekwisha menywa.

Hapo ndipo lawama zianzapo. Mkaza mwana adai kwamba mavyaa yake hutazama ili ajifunze. Asema kwamba juma lile mama mwovu wa mchezo alipoficha funguo za ghala, funguo za kabati la Jericho nazo zilipotea siku mbili. Bibi akana, na kuongeza kwamba yeye humhurumia mkaza mwana wa kwenye mchezo kuliko mtu ye yote, kwa kuwa yule hafanyi ila kulia. Neno hilo halikupokewa kama huruma.

Kuna na mambo ambayo nyumba nzima huyacheka pamoja. Wanawake hulala usingizi na dhahabu shingoni. Mtu aliyekufa, akachomwa moto, akaombolezewa, hurudi baada ya miezi sita akiwa na ndevu. Katika Saath Nibhaana Saathiya, mchezo ulioanza mwaka 2010, mkaza mwana aitwaye Gopi aliiosha kompyuta ya mumewe kwa sabuni na maji, akaianika. Na Kumkum Bhagya, ambao Wakenya wengi waujua kwa jina la Kiingereza la Twist of Fate, ulianza mwaka 2014 na habari ya Pragya, mwalimu mwenye miwani, binti wa mama aliyekuwa na ukumbi wa harusi. Umekwisha pita sehemu 2,000. Yasemwa kwamba chanzo chake ni kitabu cha Mwingereza Jane Austen, ambaye aliyamaliza mambo yake katika kitabu kimoja.

Mjukuu, aliye na umri wa miaka kumi na tisa, haoni sababu ya subira hiyo. Yeye hutazama michezo ya Korea katika simu yake, na autajao zaidi ni Crash Landing on You, ulioanza mwisho wa mwaka 2019, habari ya binti tajiri wa Korea ya Kusini aliyepeperushwa na upepo hata akaanguka upande wa Kaskazini, akaonwa na ofisa wa jeshi. Una sehemu 16, kisha umekwisha. Nyanya yake alikubali kuutazama usiku mmoja. Aliwasifu watu wa kijiji kwa kugawana chakula, akamlaumu kijana kwa kukawia kusema neno, akalala. Lakini kabla ya kulala aliuliza swali ambalo mjukuu hakulijibu: mbona katika michezo hii yote, ya Kihindi na ya Kikorea, watu wanaopendwa ni weupe kama maziwa, na mtu mwenye rangi ya kunde ni mpishi au mwizi? Madukani River Road mjukuu huyaona makopo ya mafuta ya kung'arisha ngozi. Aliweka simu chini kwa muda.

Mapenzi ya watu wa Mashariki kwa sinema za Asia si ya jana. Televisheni yenyewe ilianza Kenya mwaka 1962, lakini filamu za Kihindi zilikuwa zikionyeshwa mjini muda mrefu kabla ya hapo, katika siku ambazo wakaguzi wa filamu wa serikali ya kikoloni waliweza kuamua kwamba filamu fulani haifai kutazamwa na Waafrika. Marehemu mume wa bibi huyo alimpeleka mara kadhaa katika sinema ya Shan, pale Ngara, jengo ambalo siku hizi ni la wanasarakasi. Hapo waliitazama Mother India, filamu ya mwaka 1957, ambamo mama ampiga risasi mwanawe mwenyewe kwa kuwa ameteka nyara msichana wa kijiji. Hakuna kati yao aliyejua Kihindi. Walirudi kwa miguu hadi Jericho bila kusema, na mume alikuwa amelia, jambo alilolikana mpaka kufa kwake. Wanawe wao walipenda vita: Bruce Lee alifariki mwezi wa Julai mwaka 1973, na kwa miaka mingi baadaye vijana wa Makadara na Shauri Moyo walirusha mateke hewani kila Jumapili. Kisha vikaja vibanda vya video, na wasimulizi kama DJ Afro, ambao huzifasiri filamu za Kihindi na za Kichina kwa Kiswahili cha mtaani, wakitia maneno ambayo mwenye filamu hakuyafikiri kamwe.

Lakini bibi wa Jericho anayo sababu yake mwenyewe, ambayo vijana hawana. Kabla ya mwaka 1963 mji wa Nairobi uligawanywa kwa rangi za watu: Mzungu huku, Mhindi Parklands, Ngara na Pangani, Mwafrika Mashariki. Sheria ilikwisha, lakini watu hawakuhama kwa siku moja. Mwafrika alimjua Mhindi dukani, ng'ambo ya meza, au alimjua kutoka jikoni. Bibi huyo alikuwa yaya katika nyumba moja ya Parklands tangu mwaka 1974 hadi 1985. Na neno lenyewe, yaya, lilifika kwetu kwa njia ya Uhindi. Kwa miaka kumi na mmoja alijua kukanda unga wa chapati za jamaa wanane, alijua vyombo vipi haviguswi, alijua kumbembeleza mtoto kwa Kigujarati. Hakupata kuketi sebuleni hata siku moja.

Ndiyo maana michezo hii ilipofika, alitazama kama mtu aliyefunguliwa mlango aliokuwa akiupita kila siku. Aliona chumba cha sala. Aliona sababu ya mfungo wa wake kwa ajili ya waume zao. Zaidi ya yote, alifahamu jambo lililomtatiza miaka arobaini: kwa nini mke wa tajiri wake, mwanamke kijana mwenye bangili hadi kiwiko, alikuwa akiingia katika ghala la mchele na kulia humo peke yake. Alikuwepo mama mkongwe ghorofani, ambaye yaya alimdhania mgonjwa tu. "Kumbe alikuwa mkaza mwana," alisema bibi siku moja mbele ya televisheni, na mkaza mwana wake mwenyewe akaacha kumenya viazi, akamtazama.

Mwezi uliopita, katika mmoja wa michezo hiyo, hereni za almasi zilipotea. Ngoma ikapigwa. Nyuso zikaonyeshwa. Mtumishi wa kike, ambaye kwa muda wote huo hakuwa na jina wala neno ila kuleta chai, alishikwa mkono, akazabwa kofi, na kapu lake likamwagwa chini mbele ya watu wote. Bibi aliinuka, akaizima televisheni kwa mkono wake. Mjukuu alipouliza, ndipo aliposimulia, kwa mara ya kwanza katika nyumba hiyo, habari ya pete ya dhahabu iliyopotea Parklands mwaka 1979. Kapu lake lilimwagwa barazani. Alivuliwa kitambaa cha kichwa, nacho kikakung'utwa. Baada ya saa mbili pete ilionekana katika mfuko wa vazi lililokuwa tayari kwenda kwa dobi. Hakuna aliyemwomba radhi. Aliambiwa arudi jikoni kwa kuwa unga ulikuwa unakauka. Akarudi. Alikuwa na ada za shule za watoto watatu. Na mwaka uliofuata, mwanawe wa pili alipopatwa na malaria ya kichwani usiku, ni mwanamke yule yule aliyeendesha gari lake mwenyewe hadi hospitali, akangoja naye mpaka kukapambazuka. Bibi alisema kwamba hajui ayaweke wapi mambo hayo mawili. Kisha akaenda kulala kabla ya chakula.

Siku ya pili, saa moja, alikuwa katika kiti chake. Aliiwasha televisheni mwenyewe. Msichana wa kazi alikuwa amesimama mlangoni, kama kawaida, bakuli mkononi. Bibi alisukuma kibao kwa mguu.

"Kaa, mama."

"Nyanya, sufuria iko motoni."

"Iache ichemke."

Msichana alimtazama mke wa nyumba. Mke wa nyumba aliinuka, akaenda jikoni, akapunguza moto, akarudi bila neno. Chakula kilichelewa usiku ule, na bwana wa nyumba aliporudi kutoka kazini aliuliza kuna nini.

Hereni hazikuonekana katika sehemu ile, wala katika ile iliyofuata. Mchezo uligeukia harusi ya ndugu mwingine, tembo wakapambwa, watu wakacheza siku nne. Chai ililetwa na mtumishi mwingine.

"Yule wamemwacha wapi?" akauliza bibi.

Hakuna aliyejua. Msichana, ambaye sasa huketi juu ya kile kibao karibu na mlango, alisema kwamba labda amerudi kwao.