Mawe ya kiwanja yasitolewe

Kuko wenzetu wanasema mawe ya mbele ya madarasa yatolewe yote ili tupate bustani. Sisi hatukubali. Hapa Ngungu ni mteremko na mvua ni nyingi: jiwe likitoka, udongo nao unashuka bondeni. Afazali tupande ndani ya matundu ya mawe.

Mutu akifika Goma aangalie mawe ya moto yaliyoshuka toka Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002. Kwanza yalifunikwa na kitu kama ukoga wa kijivu, kisha majani yakaota katika nyufa bila kupandwa. Je, sisi wenye mikono tutashindwa?

Kazi si kubwa. Tuchague tundu lenye njia ya maji, maana maji yakisimama mizizi inaoza. Tutie udongo pamoja na mavi ya ng'ombe yaliyooza, tupande mche mudogo, tuubane na vijiwe. Maua ya majani manene yanavumilia jua.

Tunaomba Perefe atukubalie: kila darasa lipewe jiwe moja, na nyundo zibaki ndani ya depo.