KIPIMO NI KIPIMO: KURUDISHA NYUMA MITA YA GARI NI KUPUNJA MIZANI





Kila nyumba hapa Nesitu inayoanza kufikiria kununua gari lililotumika huanza na swali moja: "Limetembea kilometa ngapi?" Likitajwa elfu sabini, nyuso zinakunjuka na pesa zinaanza kuhesabiwa. Ikitajwa laki mbili na nusu, watu wanageuka na kuondoka bila hata kufungua boneti. Makala hii inapinga mwenendo huo, na inapinga zaidi biashara ya uongo iliyojengwa juu yake. Tunasema wazi: gari lililotembea sana, mwenyewe akakiri na fundi akalikagua, ni bora kwa familia kuliko gari lenye namba ndogo isiyokuwa na ushahidi.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO KWETU

Sisi tunaishi kwenye barabara ya Juba kwenda Nimule. Lami hii ya kilometa 192 ilifunguliwa mwaka 2012 kwa msaada wa Marekani, na ndiyo njia ya chakula, mafuta na bidhaa zinazotoka Uganda. Lakini sote tunajua vilevile habari zake za ajali na za mashambulizi. Agosti 2021 masista wawili wa Kikatoliki waliokuwa wakirudi Juba kutoka Loa waliuawa basi lao lilipovamiwa. Kwa hiyo gari kuzimika jioni mahali pasipo na watu, mke na watoto wakiwa ndani, si usumbufu mdogo wa kucheka kesho yake. Breki kukatika nyuma ya lori la mizigo si bahati mbaya tu. Anayekuuzia gari bovu kwa namba ya uongo anauza hatari, na wanaoibeba ni watoto wako.

Na pesa yenyewe ni ipi? Magari hapa huuzwa kwa dola, huku paundi ya Sudan Kusini ikizidi kupoteza thamani tangu ilipoanza kutumika Julai 2011. Dola hizo zimekusanywa kwa miaka. Humo mna jasho la baba, mna biashara ndogo ya mama, pengine mna dhahabu yake iliyouzwa. Halafu mtu mmoja aliyeketi na kompyuta kwa muda mfupi anaandika namba anayotaka yeye. Huu ni WIZI, hata kama mwizi amevaa kanzu safi na kukukaribisha chai.

MITA NI MIZANI

Wapo wanaosema, "Hiyo ni biashara tu, kila mtu anafanya." Ndugu yangu, tafakari. Mita ya kilometa ni nini kama si kipimo? Muuza sukari ana mizani, muuza kitambaa ana mita yake, muuza gari ana mita ya kilometa. Mnunuzi anailipia namba ile kama anavyolipia kilo. Tuna sura nzima ndani ya Qur'ani, ya 83, ambayo jina lake lenyewe ni la wapunjao vipimo, al-Mutaffifin. Hakuna aliyetuambia kwamba onyo lile ni la mchele na tende tu, na kwamba Toyota imesamehewa!

Tena tunakijua kisa cha Mtume (SAW) sokoni, alipoingiza mkono ndani ya chungu ya nafaka akakuta chini mna unyevu, ilhali juu ni kavu. Muuzaji alisingizia mvua. Hakukubaliwa udhuru wake, kwa sababu iliyoloa alipaswa kuiweka juu watu waione. Gari lililooshwa, likapakwa polishi, likawekewa vifuniko vipya vya viti na mita ikarudishwa nyuma, ni chungu ileile ya nafaka: kavu juu, maji chini.

Wala usidhani ni udanganyifu wa nchi zetu peke yake. Marekani ina sheria ya kuuzuia tangu 1972, na bado serikali yake inakadiria kwamba magari zaidi ya 450,000 kila mwaka huuzwa yakiwa na namba za uongo kwenye mita. Ikiwa kule kwenye kumbukumbu za kompyuta na mahakama hali ni hiyo, wewe hapa unaiamini namba kwa dalili gani?

LAKINI NA SISI WANUNUZI TUJITAZAME

Hapa tusikwepe. Dalali hairudishi mita nyuma kwa kujifurahisha. Anairudisha kwa sababu anatujua. Anajua tutamkimbia muuzaji mkweli mwenye gari la kilometa 260,000, na tutamkimbilia mwongo mwenye 68,000. Tunampa mkweli adhabu na mwongo zawadi, kisha tunalalamika kwamba sokoni hakuna waaminifu. Waaminifu wapo, sisi ndio tunaowafilisi.

Fanya hesabu ndogo. Gari limetengenezwa 2008, leo unaambiwa limetembea kilometa 70,000. Hata ukihesabu miaka 16 tu, ni chini ya kilometa 4,400 kwa mwaka, yaani kama kilometa 12 kwa siku. Safari ya kutoka Nesitu hadi Juba mjini, ya kwenda tu, inaipita hesabu hiyo. Inawezekana? Ndiyo, Japani inawezekana, kwa sababu wengi huko hupanda treni na gari hukaa nyumbani. Lakini inayowezekana siyo iliyothibitishwa. Magari ya Japani hukaguliwa kwa lazima, mara ya kwanza baada ya miaka 3 na kisha kila miaka 2, na yanayopita mnadani hupewa karatasi ya ukaguzi yenye kilometa na alama ya hali ya gari. Mwambie muuzaji: "Nionyeshe karatasi." Akikosa, namba ile ihesabu kuwa haipo.

Tena kilometa hazilingani. Kilometa 200,000 za lami, oili ikibadilishwa kwa wakati, si sawa na kilometa 90,000 za mashimo, vumbi na mizigo kupita kiasi. Na gari lililokaa miaka bila kutembea nalo lina magonjwa yake: mipira inakauka, oili inaganda, matangi yanapata kutu. Kule Ugiriki, dereva teksi Gregorios Sachinidis alinunua Mercedes 240D mwaka 1981 ikiwa tayari imetembea kilometa 220,000. Kwa namba hiyo wengi wetu tungeikimbia. Yeye aliitunza, akabadilisha injini mara kadhaa, na mwaka 2004 aliikabidhi kwa kiwanda ikiwa imefikisha kilometa milioni 4.6. Mmarekani Irv Gordon naye alifikisha maili milioni 3 mwaka 2013 kwa Volvo aliyoinunua 1966. Watu hawa walikuwa na nini? Oili, ratiba na subira.

YA KUANGALIA KABLA YA KUTOA PESA

1. Fika asubuhi, injini ikiwa baridi. Weka mkono juu ya boneti. Ukikuta ni ya moto, mtu amekwisha kuliwasha ili kuficha tabu yake ya kuwaka. Omba lipoe au rudi siku nyingine.

2. Tazama moshi. Wa bluu maana yake gari linakula oili. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, shuku maji yanaingia kwenye silinda. Mweusi ni mafuta yasiyoungua vizuri.

3. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando kama chai ya maziwa, maji yamechanganyika na oili. Waage kwa salamu uondoke.

4. Linganisha namba na mwili wa gari. Mpira wa kanyagio la breki umelika hadi chuma, usukani unang'aa kwa mikono, kiti cha dereva kimebonyea, halafu mita inasema 60,000? Kanyagio halijui kusema uongo. Tafuta pia stika za kubadilisha oili mlangoni na chini ya boneti, mara nyingi wadanganyifu huzisahau.

5. Soma tarakimu nne za tarehe kwenye tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zenye kashata nzuri lakini zilizozeeka hupasuka kwenye joto.

6. Uliza usukani uko upande gani. Sudan Kusini tunaendesha kulia, Uganda na Kenya ni kushoto, na magari mengi ya Japani yana usukani wa kulia. Kwa gari kama hilo hapa kwetu dereva hukaa pembezoni mwa barabara, na akitaka kulipita lori haoni kinachokuja mbele mpaka awe amekwisha jitokeza. Hili linaua, na bado watu wanabishana juu ya kilometa!

7. Ulizia spea. Gari ambalo kila kifaa chake kinaagizwa Kampala litakula nauli na siku za kazi, hata likiwa na kilometa chache.

8. Mlipe fundi wako mwenyewe alikague. Fundi aliyeletwa na dalali anakula kwa dalali.

Na hesabu ya mwisho ifanyike nyumbani, baba na mama pamoja. Kama mna dola 5,000, msinunue gari la dola 5,000. Wekeni kando pesa ya breki, tairi, mikanda, oili na shokapu, kisha mtafute gari la pesa iliyobaki. Likiwa limetembea 240,000 na mwenyewe kakiri, namba hiyo ni hoja ya kupunguza bei kwa haki. Lakini chesisi ikiwa imepinda au injini imekufa, msichukue hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu ukweli wa muuzaji haulitengenezi gari.

WANAOSEMA "NIMEKUUZIA KAMA LILIVYO"

Kuna maneno yamekuwa pazia: "Umeliona, umelikubali, mimi simo." Ndugu muuzaji, mnunuzi amekubali alichokiona. Hakukubali ulichokificha. Wanachuoni wa fiqhi wameieleza haki ya mnunuzi kurudisha bidhaa ikidhihiri aibu iliyofichwa, wakaiita khiyari ya aibu, na maneno yako ya mdomoni hayakusafishi mbele ya Mola wako ikiwa aibu uliijua ukanyamaza. Basi mwenye kununua aandikishiane na muuzaji mbele ya mashahidi: namba ya chesisi, namba ya injini, kilometa zilizotajwa na kasoro zilizotajwa. Muuzaji mkweli hataogopa kalamu. Anayesema "sisi ni ndugu, maandishi ya nini?" ndiye hasa wa kuandikishiana naye.

Na wewe unayetaka kuuza gari lako, usingoje dalali akufundishe. Waambie watu: limetembea kiasi hiki, linavuja hapa, giaboksi ilifunguliwa mwaka fulani. Utauza kwa bei ndogo kidogo, pengine utachelewa wiki mbili. Lakini mnunuzi wako atakapopita nalo barabara ya Nimule usiku, familia ikiwa ndani, hutakuwa na deni la roho zao shingoni mwako.

Tuanze sisi wanunuzi. Ijumaa hii, atakayeambiwa "laki mbili na nusu" asigeuke na kuondoka. Amshukuru aliyesema kweli, kisha afungue boneti.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, atulinde safarini sisi na watoto wetu, na aziweke baraka katika mikono ya wafanyabiashara wakweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.