Si ugonjwa wa wazee peke yao
Mwandishi, kwenye makala yako kuhusu mishipa ya damu kuziba umeeleza vizuri, ila hapo uliposema mafuta kujijenga kwenye kuta za mishipa ni mambo ya uzeeni, sikubaliani. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa maiti 300 za wanajeshi waliouawa vita vya Korea, wastani wa umri miaka 22, na zaidi ya robo tatu mishipa yao ya moyo ilishaanza kuathirika. Vijana wale! Na ninyi wasomaji mnaouliza mbona kifua hakiumi, tatizo hili si la moyo tu, mishipa ya miguu nayo huziba. Baba yangu mdogo akitembea kidogo vigimbi vinabana, akisimama vinaachia. Watu wakasema baridi yabisi, kumbe damu haifiki miguuni vya kutosha. Mwenye sukari, presha au mvuta sigara akiona hivyo, tafadhali awahi hospitali.