Tenda ya Kaunti: Piga Hesabu Kabla ya Kukopa

MSOMAJI wangu, kama una shangazi au kaka anayefanya biashara mjini Isiolo, huenda umewahi kumsikia akitangaza kwa furaha: "Nimepata tenda ya kaunti!" Siku hiyo soda hufunguliwa na watoto huahidiwa viatu vipya. Ukipita tena baada ya miezi sita na kuuliza habari za tenda hiyo, nyumba nzima hunyamaza. Leo tuzungumzie kinachotokea kati ya ile soda na kimya hicho.

Kwanza, tusiidharau tenda yenyewe. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, ni serikali ya kaunti inayosimamia hospitali, shule za chekechea, maji na masoko. Wagonjwa wanahitaji unga, maharagwe na sabuni. Watoto wa chekechea wanahitaji viti. Kiangazi kikizidi, malori ya maji hayana budi kwenda Merti na Garbatulla. Vitu hivi vyote hununuliwa kwa mtu. Mbona mtu huyo asiwe mama mwenye duka la nafaka mtaani Bulla Pesa?

Sheria inamuunga mkono. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka wa 2015 inataka asilimia 30 ya tenda zitengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kijana hapa ni mtu wa umri wa miaka 18 hadi 35. Aidha, kila kaunti inatakiwa kuwatengea wakazi wake angalau asilimia 20 ya manunuzi yake. Kujiandikisha katika mpango huo wa makundi maalumu, unaojulikana kama AGPO, ni bure. Basi ukikutana na mtu anayekudai pesa ili akutolee cheti chake, jua huyo anakuibia.

Pamoja na cheti hicho, unahitaji biashara iliyosajiliwa, nambari ya PIN, cheti cha kuonyesha kwamba hudaiwi ushuru, na leseni ya biashara. Haya ni mambo ambayo mwanafunzi wa chuo aliye likizoni anaweza kumsaidia mama yake kuyakamilisha. Baada ya hapo, omba jina lako liingizwe katika orodha ya wauzaji wa kaunti. Kwa mahitaji madogo, ofisi ya ununuzi huomba bei kwa wauzaji wasiopungua watatu walio katika orodha hiyo, kisha hulinganisha.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo nyumba nyingi huanguka.

Tuseme mama yetu amepata agizo la vyakula vya Sh400,000. Kununua na kusafirisha kutamgharimu Sh360,000, kwa hivyo faida yake ni Sh40,000. Ana akiba ya Sh60,000, na zile Sh300,000 zilizobaki anazikopa kwa riba ya asilimia moja na nusu kwa mwezi. Riba peke yake ni Sh4,500 kila mwezi. Akilipwa baada ya miezi mitatu, atabaki na faida ya Sh26,500. Akilipwa baada ya miezi tisa, riba itakuwa imefika Sh40,500. Faida yote imeliwa, na ameongeza Sh500 kutoka mfukoni mwake. Ametoka jasho bure, na bado hatujagusa deni lenyewe, ambalo mkopeshaji hulidai bila kujali kama kaunti imelipa au haijalipa.

Huenda wewe hukopi benki kwa kuwa dini yako hairuhusu riba. Hata hivyo, kama umechukua magunia kwa mwenye duka la jumla kwa ahadi ya kumlipa, bado una deni, na heshima yako sokoni ndiyo rehani. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Utauliza, kwani kaunti haina pesa? Mapato ambayo Isiolo inajikusanyia, kama ada za watalii katika hifadhi za Buffalo Springs na Shaba, hayatoshi kuiendesha. Sehemu kubwa ya fedha zake hutoka Hazina ya Kitaifa, na kabla hazijatumika, Msimamizi wa Bajeti lazima aidhinishe zitolewe. Pesa zikichelewa Nairobi, muuzaji wa Isiolo hulala njaa. Si Isiolo peke yake, kwani kufikia Juni 2024 madeni ya kaunti zote yalikuwa yamepita Sh180 bilioni, na zaidi ya nusu yalikuwa ya Nairobi.

Kuna jambo la kusikitisha zaidi. Mkaguzi Mkuu alipokagua madeni ya kaunti ya kufikia Juni 2018, ambayo yalikuwa karibu Sh89 bilioni, zaidi ya Sh37 bilioni zilikosa stakabadhi za kutosha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hivyo, usipeleke hata gunia moja kwa neno la mdomo au kwa simu ya "mkubwa". Ngoja agizo la maandishi, LPO, lenye sahihi. Uliza kama bidhaa hiyo imo katika bajeti iliyopitishwa, kwa kuwa sheria inakataza ununuzi kuanza kama fedha hazimo. Jihadhari hasa na maagizo ya haraka ya mwezi wa Juni, kwani mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30. Ukifikisha mizigo, usiondoke bila karatasi ya kupokelewa iliyotiwa sahihi. Peleka ankara siku hiyo hiyo, nakala yako igongwe muhuri, kisha uitunze nyumbani. Malipo yakichelewa, sheria inakuruhusu kudai riba, isipokuwa mkataba wako useme vingine. Ukinyimwa tenda kwa njia isiyo halali, una siku 14 za kupeleka malalamiko mbele ya bodi ya rufaa za ununuzi. Na akitokea wa kukuomba "chai", tume ya kupambana na ufisadi ina ofisi hapo hapo Isiolo.

Mwisho, msomaji, usiibebe tenda peke yako. Kabla ya kutia sahihi, kaeni mezani, mume, mke na watoto wakubwa, mjiulize swali moja: pesa hizi zisipokuja kwa mwaka mzima, karo italipwa na nini? Kama jibu ni shamba, ng'ombe wa maziwa au mtaji wote wa duka, basi chukua agizo dogo ambalo akiba yenu inaweza kulibeba, au liache lipite. Kaunti itahitaji maharagwe tena muhula ujao.