Bakteria wa Umeme: Tuanze na Choo, Simu Ingoje

Kila stima inapopotea hapa Njiru, rafiki yangu mmoja hunikumbusha kwamba udongo tunaoukanyaga una umeme. Hakosei. Ila anataka uchaji simu, na hapo ndipo tunapotofautiana.

Kwanza, wanavyofanya kazi. Kwenye tope lisilo na hewa huishi bakteria waitwao Geobacter. Derek Lovley na wenzake waliwaeleza mwaka 1987, baada ya kuwapata katika tope la mto Potomac, Marekani. Sisi tukila, elektroni za chakula huishia kwenye oksijeni tunayovuta. Hawa hawana oksijeni, kwa hiyo huzisukuma nje ya mwili, kwenye madini ya chuma. Fukia kipande cha kaboni topeni, weka kingine juu penye hewa, viunganishe kwa waya. Umeme utapita.

Sasa tupige hesabu. Seli moja ya namna hii haifikishi hata volti 1. Tuseme inatoa miliwati 50 kwa kila mita ya mraba ya kaboni. Chaja ya kawaida ya simu inataka wati 5. Utahitaji mita za mraba 100, yaani karibu nusu ya ploti ya futi 40 kwa 60! Utalala wapi?

Je, tuwaache? La. Mwaka 2008 kikundi cha Lebone, kilichoanzishwa na wanafunzi wa Harvard, kilijaribu seli za samadi kijijini Leguruki, karibu na Arusha, kwa ajili ya taa ndogo. Mwaka 2017 watafiti kutoka Bristol, Uingereza, walifunga seli zinazolishwa mkojo katika shule ya wasichana ya Seseme, Kisoro, Uganda. Zikawasha taa za vyoo usiku.

Huo ndio mfano wa kuiga. Katika ploti zetu, nyumba kumi hutumia choo kimoja uani, na balbu ikiungua hakuna anayejua ni zamu ya nani kununua. Mama na binti yake wanasindikizana gizani, au wanavumilia hadi asubuhi. Taa ya LED ya kumwonyesha mtu mlango na shimo haihitaji wati 5, na chakula cha bakteria kinaletwa na wapangaji wenyewe kila siku.

Wanafunzi wetu wa uhandisi wanaotafuta mradi waanzie hapo. Simu tutaendelea kuichaji kwa tokeni.